Kufunga sproketi ya nyuma kwenye baiskeli ya injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaofunga injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili kwenye baiskeli ya kawaida, kuanzia Phoenix la kubebea maji mpaka baiskeli ya gia ya kwendea kazini. Watu wengi huipa injini siku nzima, kisha sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni ya injini, inafungwa jioni giza likiingia. Makosa ya sproketi ndiyo yanayokata spoki, yanayorusha cheni, na siku mbaya yanaligandisha gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Ipe muda wake.

Kwenye boksi kuna vipande gani vya sproketi, na kila kimoja kinakaa wapi?

Kuna sproketi yenyewe, mara nyingi ya meno 44 na matundu 9. Kuna raba mbili za duara. Kuna mabamba matatu ya chuma yaliyopinda kama mwezi mchanga, kila moja lina matundu 3. Halafu bolti 9 na nati zake, kwa kawaida M6, ambazo spana yake ni namba 10.

Raba moja inakaa ndani, kati ya spoki za kushoto na za kulia. Ya pili inakaa nje, upande wa kushoto. Mabamba yanakaa nyuma ya raba ya ndani, sproketi inakaa juu ya raba ya nje, na bolti zinapita kwenye nafasi kati ya spoki na kuvibana vyote pamoja. Maana yake nguvu ya injini inasukuma spoki za kushoto kwanza, ndipo ifike kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na rimu. Spoki hazikutengenezwa kusukumwa katikati ya urefu wake, ndiyo maana usahihi unahitajika kila hatua.

Bolti za kwenye boksi mara nyingi ni chuma laini. Nunua mpya zilizoandikwa 8.8 kichwani, na nati zenye duara la nailoni ndani. Gharama yake ni ndogo kuliko spoki utakazonunua baadaye.

Gurudumu langu la nyuma lina spoki 40. Itaingia?

Kwa raba, hapana. Swali hili tunalipa uzito kwa sababu baiskeli nyingi za mtindo wa zamani, zile za inchi 28 zenye breki za fimbo, zilitoka na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Hesabu kabla hujanunua chochote.

Gurudumu la spoki 36 lina spoki 18 kila upande, kwa hiyo kuna nafasi 18 upande wa kushoto. Bolti 9 zinaingia nafasi moja na kuruka moja, mzunguko mzima, bila kugusa spoki. La spoki 40 lina nafasi 20 upande mmoja. Ukigawa 20 kwa 9 haiishi. Bolti mbili tatu zitaingia vizuri, zinazofuata zitaanza kuegemea spoki, na za mwisho zitaipinda kabisa. Mtu anazilazimisha kwa nyundo, inaonekana imekaa, lakini kila spoki iliyopindwa imeshaanza kukatika. La spoki 32 lina shida hiyohiyo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kusukwa gurudumu jipya: habu ya matundu 36 na rimu ya matundu 36, pamoja na spoki nene. Ya pili ni klampu ya habu, ambayo haitegemei spoki.

Klampu ya habu ni nini, na ni bora kuliko raba?

Ni vipande viwili vya aluminiamu vinavyoikumbatia habu na kubanwa kwa bolti, kisha sproketi inafungwa juu yake. Ni bora, hasa kwa anayebeba mzigo. Nguvu inakwenda kwenye habu moja kwa moja, na sproketi inakaa katikati yenyewe ikiwa klampu imekerezwa vizuri.

Sharti lake ni kipimo. Pima kipenyo cha habu kwa vernia (kipimo cha taya mbili cha mafundi) mahali hasa klampu itakapokaa. Kadirio la rula halitoshi. Klampu ya milimita 38 kwenye habu ya 36 haitabana hata ukikaza mpaka bolti zikatike. Ikikazwa sawasawa, vipande viwili visigusane: libaki pengo la milimita 1 au 2 kila upande. Vikigusana, vimebanana vyenyewe, havijaibana habu. Usijaze nafasi kwa kipande cha kopo la soda. Kopo linasagika, klampu inaanza kuteleza, na habu inachimbika. Kama huna saizi yako, mpelekee fundi wa kukereza vyuma habu yenyewe akukerezee klampu ya kuifuata. Safisha grisi yote kabla ya kufunga.

Kabla ya kufunga nianze na nini?

Gurudumu lenyewe. Sproketi iliyofungwa kwenye gurudumu linaloyumba itayumba pia, na utahangaika na bolti bure.

Ligeuze, angalia rimu kwenye raba za breki. Ikiyumba zaidi ya milimita 1 kushoto na kulia, inyooshe kwa funguo ya spoki. Gonga spoki za upande mmoja kwa kidole au bisibisi: zinatakiwa kutoa sauti zinazokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea. Kisha shika rimu, isukume kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, rekebisha koni za beringi mpaka mchezo uishe lakini gurudumu lizunguke kwa uhuru. Badilisha sasa spoki yoyote iliyopinda au yenye kutu kwenye kona, kwa sababu ukishafunga sproketi, kuibadilisha ni kufungua kila kitu upya.

Hatua za kufunga kwa raba ni zipi?

1. Toa gurudumu kwenye baiskeli, lilaze upande wa kushoto ukiangalia juu.

2. Kata raba moja mara moja tu, kutoka ukingo wa nje mpaka tundu la katikati, kati ya matundu mawili ya bolti. Kata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Raba ya pili isikatwe.

3. Pitisha raba iliyokatwa kati ya spoki mpaka ikae ndani, ikiizunguka habu. Weka mabamba matatu nyuma yake. Mkato wa raba ukae katikati ya bamba, usikae pale bamba mbili zinapokutana. Ukikaa kwenye kiungo, raba itafunguka hapo na sproketi itainama upande huo.

4. Weka raba nzima nje, kisha sproketi. Ingiza bolti zote 9 na kaza nati kwa vidole tu. Kila bolti ipite katikati ya nafasi. Kama hata moja inagusa spoki, zungusha mpangilio wote nafasi moja na ujaribu tena.

5. Sogeza sproketi ikae katikati. Pima kutoka kwenye ekseli mpaka ncha ya jino, sehemu nne. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, izungushie habu utepe wa kuhami umeme, tabaka kwa tabaka, mpaka sproketi ikae juu yake bila kucheza. Kwetu hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata katikati.

6. Kaza kwa mtindo wa nyota: bolti ya kwanza, kisha ya tano, ya tisa, ya nne, ya nane, ya tatu, ya saba, ya pili, ya sita. Kila raundi kaza nusu mzunguko tu. Anayeikaza bolti moja mpaka mwisho kabla ya kwenda nyingine ameshaipindisha sproketi.

Zikazwe kwa nguvu kiasi gani?

Nm 8 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) hivi, kwa anayemiliki spana ya kipimo. Kwa spana ya kawaida namba 10, ya urefu wa kiganja, ni nguvu ya mkono mmoja bila kuegemeza mwili. Dalili ya kutosha ni raba kutuna kidogo kuzunguka spoki. Ikitoka nje kama chapati iliyokandamizwa, umezidisha, na bolti ya M6 haiko mbali na kukatika.

Nitajuaje kama inayumba?

Rudisha gurudumu kwenye fremu. Funga kipande cha waya mgumu au spoki ya zamani kwenye fremu ya nyuma kwa utepe, ncha yake ielekee meno ya sproketi, ikiacha nafasi ya milimita 2. Zungusha polepole. Utaona mambo mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Sproketi ikienda kushoto na kulia, tatizo ni ukazaji. Pale inapotoka nje kuelekea fremu, kaza bolti za sehemu hiyo robo mzunguko. Upande wa pili wake legeza robo. Rudia. Ikipanda na kushuka, yaani meno yanasogea na kuiacha ncha ya waya, haiko katikati. Hapo kukaza hakusaidii: legeza bolti zote kidogo, gonga sehemu iliyo juu kwa kipande cha mbao, pima tena, kaza tena.

Lenga chini ya milimita 1 kwa yote mawili. Ikifika milimita 2 ya kupanda na kushuka, cheni itakaza na kulegea kila mzunguko, na hakuna kikaza cheni (kile kifaa cha kuondoa ulegevu wa cheni) kitakachoficha hilo.

Sproketi imebonyea upande mmoja kama sahani. Ubonyeo uelekee wapi?

Upande unaoleta cheni kwenye mstari ulionyooka. Nyoosha uzi wa fundi mwashi ukigusa ubavu wa sproketi ya nyuma, uupeleke mpaka sproketi ya injini. Ikiwa hazilingani, geuza sproketi ya nyuma na upime tena. Angalia pia nafasi: cheni iachane na tairi kwa angalau milimita 5, na isiguse fremu. Kwenye baiskeli za inchi 28, vinavyosahaulika ni mguu wa stendi na mguu wa keria, kwa kuwa vyote vinafungwa kwenye ekseli upande huohuo wa kushoto. Fimbo za breki nazo ziangalie huku umeikamata breki, kwa sababu ndipo zinaposogea.

Naweza kutumia cheni ya bodaboda?

Ya saizi ya 428, ambayo pikipiki nyingi za bodaboda hutumia, hapana. Inadanganya kwa sababu umbali kati ya pini ni uleule, milimita 12.7, kwa hiyo inaonekana inakubali. Lakini rola zake, vile vigurudumu vidogo vinavyozunguka kwenye pini, zina kipenyo cha milimita 8.51, wakati za 415 iliyokuja na injini ni 7.75. Rola kubwa haikai chini kabisa kwenye bonde la jino. Inapanda, na ukiongeza moto inaruka. Upana wa ndani nao ni karibu milimita 8 dhidi ya 4.8, kwa hiyo cheni inacheza ubavuni.

Cheni ya 420 inakubalika: rola zake zinalingana na za 415, ila ni pana kidogo, basi pima nafasi ya fremu upya. Cheni ya kawaida ya baiskeli ni nyembamba mno kwa meno hayo, na hata ikiingia haina nguvu ya kazi hii.

Klipu ya kiungo cha kufungia iwe na upande uliozibika mbele, kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, jiwe moja au kijiti kinaweza kuing'oa.

Cheni iwe imelegea kiasi gani?

Milimita 12 mpaka 20 ukiipandisha na kuishusha kwa kidole katikati. Pima pale ilipokaza zaidi, siyo pale ilipolegea. Zungusha gurudumu mzunguko mzima kupata mahali hapo.

Kikaza cheni ni lazima?

Hiki ndicho kifaa hatari kuliko vyote kwenye boksi, na tungependa kila mtu alielewe hilo. Kinafungwa kwenye bomba la chini la fremu kwa kikamatio cha bolti mbili. Bomba ni la duara na mara nyingi linapungua unene kuelekea nyuma. Cheni ikivuta, kikaza kinazunguka kwenye bomba, roda yake (kigurudumu kinachosukuma cheni) inaingia kwenye spoki, na gurudumu linasimama papo hapo. Kwa kilomita 30 kwa saa barabarani, hiyo ni ajali kamili.

Kama unaweza, usikitumie. Baiskeli za inchi 28 zina nafasi ya kuvuta ekseli nyuma: kata cheni ya injini kwa urefu sahihi, vuta ekseli mpaka ikae vizuri, kisha rekebisha cheni ya pedeli kwa kutoa au kuongeza kiungo. Cheni ya pedeli ikibaki imelegea kidogo si tatizo kubwa. Ya injini haivumilii.

Kama fremu yako haikuruhusu, kifunge kikaza juu ya kipande cha tyubu ili kisiteleze, kisha mwambie fundi wa kuchomelea aweke kishikizo kidogo kinachokizuia kisizunguke. Usitoboe bomba la fremu, linakuwa dhaifu. Tangi la petroli litolewe kabla ya kuchomelea, na lipelekwe mbali. Roda isimame kwenye mstari mmoja na cheni. Ikiinama, itaitupa cheni hata kama sproketi zote ziko sawa.

Fundi anasema ataichomelea sproketi kwenye habu imalize matatizo. Nikubali?

Usikubali. Habu ya baiskeli ni bati jembamba. Moto unaikunja, unachoma grisi, na unalainisha vikombe vya beringi ambavyo viligumishwa kiwandani. Sproketi itayumba siku ya kwanza na beringi zitaisha muda mfupi baadaye, na hakuna cha kurekebisha tena ila kutupa habu.

Spoki zinakatika upande wa kushoto tu. Kwa nini?

Angalia zinakatika wapi. Zikikatika kwenye kona karibu na habu, gurudumu lilikuwa limelegea tangu mwanzo: kila injini inapovuta, spoki inajipinda na kujinyoosha mpaka chuma kinachoka. Zikikatika pale raba inapobana, au zikiwa na alama ya kusagwa hapo, bolti inaigusa spoki au raba imekwisha na chuma kinasaga chuma. Kuna sababu nyingine: kuondoka kwa kuachia klachi ghafla baiskeli ikiwa imesimama. Kanyaga pedeli kwanza mpaka ufike mwendo wa mtu anayekimbia polepole, ndipo uachie klachi.

Spoki moja ikikatika usiendelee na safari kwa injini. Jirani zake zimeshabeba mzigo wake.

Raba za awali zimechakaa. Naweza kukata nyingine?

Ndiyo. Bora ni mkanda wa mashine wenye nyuzi za kitambaa ndani, unene wa milimita 5 au 6. Raba ya tairi wanayokatia katambuga inafaa pia, na wakata katambuga wana mkono mzuri wa kukata duara, lakini chagua kipande chenye unene sawa kote. Kipande kinene upande mmoja kitaiinamisha sproketi. Kisiwe na waya ndani. Tyubu haifai: ni laini, inanyooka, na bolti zinalegea kila siku.

Meno mangapi yananifaa?

Kwa injini za aina hii zenye gia ya ndani ya 82 kwa 20 na sproketi ya mbele ya meno 10, meno 44 yanafanya injini izunguke mara 18 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la inchi 28 na injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, ni karibu kilomita 37 kwa saa. Meno 36 yanafikisha kama 45, na meno 50 yanashuka mpaka 33 hivi lakini yanavuta vizuri mlimani.

Dodoma mjini na kuelekea Bahi ni tambarare, 44 yanatosha. Kwa mchanga mzito, mzigo, au milima kama ya Kondoa na Nyang'oro, chukua 48 au 50. Meno 36 hatuyashauri kwenye baiskeli ya breki za fimbo: raba zake zinabana rimu ya chuma, na mvua ikinyesha zinachelewa kukamata.

Baiskeli yangu ina breki ya kurudisha pedeli nyuma. Kuna tofauti?

Ipo. Upande wa kushoto wa habu hiyo kuna mkono wa breki, na unachukua nafasi ya sproketi. Hakikisha sproketi inazunguka bila kuugusa. Mkono huo ubaki umefungwa kwenye fremu kwa bolti yake. Ukiuachia ili kupata nafasi, breki itazungusha ekseli na kukosa nguvu kabisa.

Vumbi la huku linaathiri nini?

Kuanzia Mei mpaka Novemba mchanga unaingia kila mahali. Cheni yenye oili nyingi inakusanya mchanga na kuwa kama msasa unaokula meno. Ifute kwa kitambaa jioni, weka oili nyepesi matone machache kwenye rola, subiri, ifute tena. Meno yakianza kuinama kama ndoano, badilisha sproketi pamoja na cheni. Wakati wa kufuta, toa kofia ya plagi na usizungushe gurudumu huku kitambaa kikiwa kwenye cheni. Kinavuta kidole kwenye sproketi kabla hujajua.

Naweza kubeba dumu nne za maji?

Dumu nne za lita 20 ni kilo 80 juu ya ekseli ya nyuma, mbali na wewe na injini. Kwa sproketi ya raba, hapana. Beba mbili, tairi likiwa limejaa upepo. Kwa klampu ya habu na gurudumu la spoki nene, inawezekana kwa mwendo wa pole. Shuka za dereva na kanga za abiria zifungwe juu kabisa, cheni ya injini haina kikinga upande wa kushoto.

Baada ya kufunga, nianzeje kuiendesha?

Inua gurudumu la nyuma, shika klachi, lizungushe kwa mkono mizunguko kumi ukisikiliza. Sauti ya "tik" inayorudi sehemu ileile ni bolti, spoki au jino linalogusa kitu. Kisha panda, endesha kwa pedeli bila injini mita mia mbili. Ndipo uwashe.

Simama baada ya kilomita 5 na ukaze bolti zote 9. Raba mpya inabonyea, kwa hiyo ubano unapungua hata kama nati hazijazunguka. Kaza tena baada ya kilomita 20, kisha kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, halafu mara moja kwa wiki. Piga alama ya rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye sproketi: mstari ukivunjika, nati imezunguka, na utaiona bila kugusa spana. Spana namba 10 na nati mbili za akiba zikae kwenye mfuko wa kiti.